Chora mstari kabla ya kumwangalia mtoto

Ukipewa kazi ya kumchunguza mtoto akicheza, gawa ukurasa kwa mstari wa wima kabla hujaanza. Kushoto andika unachokiona na kukisikia tu, pamoja na saa: "4:12, amekunja ngumi, amevuta mchemraba, amegeukia ukuta." Kulia pabaki patupu, pajaze tafsiri yako mtoto akishaondoka, siku hiyohiyo. Kwa nini? Tendo moja lina zaidi ya tafsiri moja. Kwa Piaget, mwanasaikolojia wa ukuaji wa watoto, mtoto wa miaka 4 anayegoma kugawana huenda bado hawezi kuliona jambo kwa jicho la mwenzake. Kwa Erikson, mwanasaikolojia mwingine, yumo katika umri wa kuanzisha mambo yake mwenyewe, na hatia humjia akizuiwa mno. Ukishaandika "mchoyo" upande wa kushoto umeshatoa hukumu, na mhadhiri hana ushahidi wa kuupima. Kipimo changu ni kamera: neno ambalo kamera isingelinasa ("amekasirika", "ana aibu", hata "anajaribu") lihamie kulia. Wengi hunaswa na hilo la mwisho.

Mbinu hii hukwama ukiwa na kundi, au mtoto asiyetulia, maana mkono haufuati jicho. Hapo chagua tabia moja, mfano kumgusa mwenzake, iwekee mipaka kwa maandishi mapema, kisha kila sekunde 30 tia alama: ipo au haipo. Utakadiria inatokea kwa kiasi gani, ila kilichoichochea hutakipata.