Kupiga lipu ya chokaa kwenye nyumba kongwe ya Mji Mkongwe

Beit al-Ajaib, jumba la kifalme la Mji Mkongwe, Zanzibar, ilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Seyyid Barghash, ikanusurika mizinga ya Waingereza ya Agosti 27, 1896. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka ikiwa kwenye matengenezo, watu wawili wakafariki. Jumba kama lile ni kazi ya wahandisi, lakini nyumba nyingi za vichochoroni zina kuta za namna ile ile: mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na boriti za mikoko juu. Kinachoziua ni maji yanayoingia yasipate pa kutokea.

Ndiyo maana saruji isiguse ukuta huu, hata kiraka kidogo. Saruji hufungia unyevu ndani. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu na kuisukuma, mpaka ibambuke na uso wa jiwe. Vichwa vya boriti vilivyozama ukutani navyo huoza, na hapo dari iko hatarini.

Chukua kwanza kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, kisha ziba paa na mabomba ya maji ya mvua. Chini ya paa linalovuja hakuna lipu itakayodumu.

Gonga ukuta taratibu kwa nyundo. Palipo na sauti ya uwazi lipu imeachia. Iondoe kwa patasi iliyolazwa, usilichome jiwe. Kwangua viungo vilivyolegea, jaza mashimo makubwa kwa vipande vya mawe na chokaa. Lowesha ukuta jioni, na tena asubuhi kabla ya kuanza. Ukuta mkavu hunyonya maji ya lipu, nayo hubaki unga.

Changanya ndoo 1 ya chokaa iliyolowekwa kwa ndoo 3 za mchanga uliochekechwa. Mchanga wa pwani usiutumie, una chumvi. Kama chokaa ya tanuri haijazimwa, yaani haijalowekwa bado, itie chokaa kwenye maji, usimwage maji juu ya chokaa: huchemka na kuruka, na ikiingia jichoni hupofusha. Vaa miwani na glavu. Mchanganyiko ukiwa mgumu, upigepige kwa koleo kabla ya kukimbilia maji. Maji mengi huleta nyufa.

Kila tabaka lisizidi sentimita 1. Likwaruze, litundikie magunia mabichi, usilipige kwenye jua kali. Tabaka la pili lisubiri mpaka ukucha ushindwe kulichimba, kwa kawaida wiki moja au zaidi. Nyufa ndogo zikitokea lipu ikiwa bado laini, zikandamize kwa ubao. Malizia kwa chokaa nyepesi kama maziwa, mikono mitatu. Rangi ya mafuta hapana, huziba ukuta kama saruji.

Baada ya masika kagua tena. Doa likirudi pale pale, usipige lipu nyingine. Panda juu utafute maji yanakotoka.