Jinsi ya kupanga ukoo wa wanyama wanaojivua gamba: somo la ufukweni Tanga

Somo hili nalifundisha kidato cha tano na cha sita. Maabara haihitajiki. Beba kioo cha kukuzia, koleo dogo, vikombe vya plastiki na karatasi kubwa ya kuchorea mti wa ukoo, kisha nenda ufukweni siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa. Vaa viatu vilivyofunika vidole.

Hatua ya 1: Tafuta gamba, si mzoga

Pembezoni mwa mikoko ya Tongoni utaokota "kaa waliokufa" ambao wenyewe wako hai matopeni. Kaa akijivua, gamba hufunguka nyuma, pale mgongo unapokutana na mkia uliokunjwa chini ya tumbo, naye hutoka kinyumenyume na kuchomoa miguu na magando yote. Kwa hiyo inua gamba la mgongo kwa nyuma. Likinyanyuka kirahisi kama kifuniko cha sanduku, na ndani hamna nyama wala uvundo, umepata.

Sasa chukua kioo. Ngozi ya macho imebaki, angavu kabisa. Utando wa matamvua upo. Ukichungulia mbele utaona hata vijino vya tumbo la kusagia chakula, kwa kuwa sehemu ya mbele ya utumbo nayo imetandikwa gamba hilohilo, na huvuliwa pamoja na mengine. Usiwaharakishe wanafunzi hapa. Atakayeuliza mnyama huyo anakulaje siku hiyo ameuliza swali zuri: hali, hujificha mpaka gamba jipya likaze.

Hatua ya 2: Kusanya wengine

Kamba na uduvi nunua Deep Sea, mnada wa samaki wa Tanga. Mende hatafutwi. Gamba la nyenje hung'ang'ania shina la mwembe. Ongeza jongoo na tandu (kwa koleo, tafadhali), na nge kwa picha tu. Kisha chukua watatu wa kupimia: konokono, nyungunyungu na gamba la nyoka.

Hatua ya 3: Ondoa wasio wa ukoo

Nyoka anaondoka mapema. Anachovua ni tabaka la seli zilizokufa, na ndani ana mifupa. Gamba la kaa au mende si seli: ni kitu kilichotolewa na ngozi iliyo chini yake, mchanganyiko wa kitini (dutu ngumu ya magamba ya wadudu na kaa) na protini. Konokono naye havui kitu, huongeza kombe lake ukingoni kadiri anavyokua.

Nyungunyungu ndiye anayewakwamisha wengi. Ana pingili, tandu ana pingili, basi si ndugu? Georges Cuvier, mtaalamu wa wanyama wa Ufaransa, aliwaweka kundi moja mwanzoni mwa karne ya 19, na vitabu vilimfuata muda mrefu. Mwaka 1997 Anna Marie Aguinaldo na wenzake walichapisha katika jarida la Nature ulinganisho wa jeni ya 18S, iliyomo kwa wanyama wote. Walimtazama pia mnyoo wa mviringo, asiye na pingili ila naye hujivua. Minyoo mingi ya aina hii jeni zake zimebadilika haraka mno, hivyo katika hesabu husukumwa mbali kama wageni. Wao wakamtumia Trichinella, mnyoo wa nyama ya nguruwe, ambaye jeni yake ilibadilika polepole. Minyoo ya mviringo ikaangukia upande wa wadudu na kaa, na kundi lote likaitwa Ekdisozoa, yaani wanyama wanaojivua. Nyungunyungu akabaki upande wa konokono na chaza. Ubishi uliendelea miaka kadhaa, lakini ulinganisho wa jeni nyingi zaidi umeliunga mkono kundi hilo.

Msisitizo wangu: pingili zisikutawale.

Hatua ya 4: Mwingize mnyoo

Pwani yetu inayajua matende na mabusha. Mnyoo wake, Wuchereria bancrofti, hujivua mara mbili akiwa ndani ya mbu na mara mbili tena ndani ya mtu. Mbu mwenyewe alishajivua majini akiwa kiluwiluwi. Mwenye kubeba na mwenye kubebwa, wote wa ukoo mmoja. Chora tawi la minyoo ya mviringo mbali na wenye miguu ya viungo (wadudu, kaa, tandu, nge), ila shina liwe moja.

Hatua ya 5: Panga wenye miguu ya viungo

Hesabu vipapasio. Nge hana: tawi lake peke yake, pamoja na buibui na kupe. Tandu na jongoo wana jozi moja, mende jozi moja, kamba jozi mbili. Ukifuata vipapasio pekee utamweka mende na tandu, nawe utapotea, kwa sababu jeni zinaonyesha wadudu wamechipuka ndani ya ukoo wa kamba na kaa. Mende yuko karibu na kamba wa Deep Sea kuliko na jongoo.

Dubu-maji, wale wadogo mno wa kuta zenye unyevu, nao hujivua. Waweke karibu na tawi hili kwa alama ya kuuliza, maana wataalamu wengine huwapeleka upande wa minyoo.

Hatua ya 6: Weka umri

Miamba yenye visukuku ya Chengjiang, China, ina miaka milioni 518 hivi, na matawi haya tayari yalikuwa yameachana. Miamba ya Burgess Shale ya Kanada, miaka milioni 508, imehifadhi Marrella, mnyama mdogo mwenye miguu ya viungo aliyetoweka, aliyenaswa katikati ya kujivua. Andika umri huo pembeni mwa matawi, na shina lichore chini zaidi ya 518.