Kukagua kompyuta nyepesi ya ofisi iliyotumika kabla hujatoa hela

Kwa mtu ambaye leo yuko Mbeya mjini, kesho Tukuyu, keshokutwa Mbarali, kompyuta ya kilo 1.13 kama ThinkPad X1 Carbon ya kizazi cha 6 ni nafuu kubwa begani. Ila wepesi huo una gharama: RAM yake (kumbukumbu ya kufanyia kazi) imechomelewa kwenye madabodi, yaani bodi kuu ya ndani. Ukichukua ya GB 8, itabaki GB 8 mpaka mwisho. HP EliteBook 840 G5 inakaribia kilo 1.5, lakini ina nafasi mbili za RAM. Kama unashinda kwenye mafaili mazito ya Excel, chukua hiyo ya pili.

Kwa hiyo ukifika dukani Mwanjelwa, anza na yale yasiyobadilishika. Zima mashine, iwashe upya huku ukibonyezabonyeza F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP au F2 kwa Dell, ili ifunguke BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya msingi ya mashine. Ikidai neno la siri na muuzaji hana, iache hapo hapo; kulitoa kunaweza kukulazimu kubadili madabodi nzima. Isipodai, soma hapo namba ya prosesa. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 inataka kwa kawaida kizazi cha 8 kwenda juu. i5-8250U (ya kizazi cha 8) inapita; i5-7300U (ya kizazi cha 7) haipiti, hata bei ipendeze vipi.

Betri ikague kwa makini zaidi. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotajwa. Linganisha DESIGN CAPACITY (ujazo wa betri ikiwa mpya) na FULL CHARGE CAPACITY (ujazo wake wa sasa ikijaa), kwa mWh, kipimo cha nishati. X1 hiyo ilitoka kiwandani na takriban mWh 57,000. Ukikuta 34,000, imebaki asilimia 60. Kwa kazi ya kuandika inayokula wati 8 hivi, utapata saa nne na ushei, yaani umeme ukikatika mchana bado unamaliza ripoti. Ikiwa chini ya 25,000, dai upunguziwe bei ya betri mpya. Ile asilimia 100 ya pembeni mwa skrini haikuambii lolote kuhusu uchakavu. Kisha ilaze mezani: ikiyumba, au padi ya kugusa ikigoma kubonyea, huenda betri imevimba. Usiichaji tena.

Mashine nyembamba ina feni ndogo, hivyo joto ni udhaifu wake. Beba 7-Zip (programu ya kubana mafaili) kwenye flashi, endesha kipimo chake (Benchmark) dakika 15 chaja ikiwa imechomekwa, huku ukitazama GHz, yaani kasi ya prosesa, kwenye Task Manager. 8250U ikidumu chini ya 1.6, huenda feni imejaa vumbi au pasta ya kupitisha joto la prosesa imekauka. Fundi anasafisha na kupaka upya. Asubuhi ya Juni hapa Mbeya baridi huficha tatizo hili, rudia mchana.

Mwisho tingisha kichwa cha chaja ya USB-C. Chaji ikikatikakatika, tundu limelegea, na kwenye nyingi ya mashine hizi tundu hilo nalo limechomelewa.