Kutunga koja la asumini la Kithai ukiwa Nairobi

Asumini ambayo Wathai huiita mali ni ile ile ambayo wanawake wa Lamu na Mombasa huitia katika kikuba, kile kishada cha maua yenye kunukia, na jina lake la kisayansi ni Jasminum sambac, kwa hiyo mche wake unaweza kuletwa kutoka pwani na kupandwa kwenye chungu mahali penye jua la kutwa. Baridi ya Juni hadi Agosti jijini hupunguza maua sana, jambo linaloudhi kidogo, kwa kuwa Siku ya Mama ya Wathai, ambayo tangu 1976 huadhimishwa tarehe 12 Agosti, siku aliyozaliwa Malkia Sirikit, ndiyo siku kuu ya ua hili: watoto hupiga magoti mbele ya mama na kumkabidhi asumini, ambayo weupe wake huashiria upendo usio na doa. Asiyetaka kungoja bahati atunge mwezi wa Mei, Kenya inapowaadhimisha akina mama.

Chuma asubuhi na mapema matumba yaliyonenepa na kuwa meupe pe, lakini ambayo hayajafunguka. Yakishafunguka, sindano huyararua. Tafuta sindano ndefu na nyembamba, uipake mafuta ya kujipaka ili matumba yateleze, kwani shazia ya kushonea magunia ni nene mno. Kata vikonyo viwe na urefu sawa, kisha dunga kila tumba kwenye kikonyo, ncha yake ikitazama nje, ukiyapanga 6 au 7 kuizunguka sindano. Safu inayofuata huketi katika nafasi zilizoachwa na ile ya chini, na hapa ndipo pa kuwa na subira, maana safu moja ikipinda, koja zima hupinda. Sindano ikijaa, sukuma maua taratibu hadi kwenye uzi wa pamba, ufunge ncha mbili kuwa duara na kuning'iniza kishada cha waridi chini yake.

Koja la kishada kimoja hushikwa mkononi na hupewa mzee au huwekwa mbele ya sanamu ya Buddha, na katika hali hii ya pili Wathai hawalinusi kabla ya kulitoa. Lenye vishada viwili huvishwa shingoni maharusi na wageni wa heshima. Ukilitunga mapema, lifunge kwa kitambaa chenye unyevu na kulihifadhi kwenye friji, mbali na sehemu ya kugandisha, ambako matumba hugeuka rangi ya kahawia.