Kushuti harusi kwa kamkoda: kuanzia dukani hadi ukumbini

Kamera za picha zinatoa video nzuri, hilo silipingi. Ila nyingi, hasa za miaka ya nyuma, hukata kurekodi zikifika dakika 29 na sekunde 59, na viapo havisubiri mtu abonyeze tena. Kamkoda, yaani kamera ya video, imeundwa kurekodi mfululizo, kuvuta mbali na kupokea sauti safi. Ndiyo maana harusini bado naibeba.

1. Dukani, tazama matundu kwanza

Kabla ya kuuliza habari za 4K (ukali wa picha), igeuze kamera. Tafuta matundu mawili ya XLR (yale ya duara, pini tatu), tundu la hedifoni na nafasi mbili za kadi. Sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ya inchi 1 itakusaidia ukumbini, maana zile ndogo hujaa chenga taa zikififishwa. Zumu ihesabu ya lenzi tu, ile ya kidijitali inakuza picha na kuiharibu. Kama ni ya mtumba, usilipe kabla hujavaa hedifoni na kutikisa waya kwenye kila tundu huku unarekodi. Ikikwaruza, iache.

2. Kadi na betri

Ukirekodi kwa Mbps 50 (megabiti 50 kila sekunde), saa moja inakula takriban GB 22, hivyo kadi ya GB 64 haifiki saa tatu. Nunua zenye alama ya V30, inayoonyesha kasi ya kuandika, kisha weka kamera irekodi kwenye kadi zote mbili kwa pamoja. Betri ziwe kubwa, na zijae tangu usiku wa jana; usitegemee umeme wa ukumbini.

3. Picha

Umeme wetu ni wa Hz 50, kwa hiyo weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50, la sivyo taa zinaweza kukuchorea mistari inayopanda na kushuka. Rangi usiiachie kamera iamue. Shika karatasi nyeupe pale atakapoketi bibi harusi, ijaze kwenye kioo, bonyeza WB, kitufe cha kusawazisha weupe. Kisha washa zebra (milia inayoonyesha palipozidi mwanga) kwenye 100: milia ikitanda juu ya gauni, punguza mwanga unaoingia kwenye kamera, kwani lesi ikishaungua hakuna programu ya kuirudisha.

4. Sauti

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Familia itavumilia picha yenye giza kidogo, lakini baba akimuusia binti yake na maneno hayasikiki, umewapotezea kitu.

Fika mapema, msalimie DJ, umwombe waya kutoka kwenye mikisa yake (mashine ya kuchanganyia sauti). Uingize kwenye tundu la kwanza, swichi iwe LINE (ya sauti yenye nguvu kutoka kwenye mashine), na ile ya 48V, inayopeleka umeme kwenye maiki, izimwe. Ukiiacha kwenye MIC, sauti ya MC itapasuka. Tundu la pili weka maiki ya kamera, swichi MIC: ndiyo itakayobeba vigelegele, na ndiyo akiba yako DJ akishusha sauti bila kukuambia. Mwombe MC aseme kwa nguvu kama atakavyosema usiku, urekebishe mpaka kilele kigote karibu na -12 dB kwenye kipimo cha sauti cha kamera. Hedifoni zisitoke masikioni.

5. Mahali pa kusimama

Kanisani, muulize mchungaji au padri mpaka wako ni wapi. Kwenye nikahi, maiki iwe karibu na shehe na bwana harusi, kwani maneno ya kukubali ni machache na husemwa kwa sauti ya chini. Singo ya Zanzibar, pale bibi harusi anaposingwa, ni ya wanawake: apeleke kamera mwanamke, na picha zile zikabidhiwe familia, zisiwekwe mtandaoni hata kipande.

Ukumbini, omba ratiba kwa kamati, funga stendi upande unaoona meza kuu na njia ya kuingilia. Kila picha itulize, hesabu hadi kumi kabla ya kusogeza. Wakati wa kulishana keki, wageni watasimama mbele na simu zao. Panda juu ya kitu imara mapema.

6. Baada ya sherehe

Usiku huohuo nakili kadi kwenye diski mbili, ufungue mafaili uyaone yanacheza. Kadi zisifutwe mpaka maharusi wapokee video yao na kuiangalia yote.