Tangi kwanza, betta baadaye: somo kwa anayeanza kufuga

Samaki aitwaye betta ana kiungo cha ziada kichwani, labirinthi, kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji. Kwa sababu hiyo wengi huamini kikombe kinamtosha. Kikombe hakimuui siku hiyohiyo, na ndiyo maana imani hiyo haifi. Kwao Thailand huishi kwenye vinamasi na mashamba ya mpunga: maji ya kina kifupi, yenye joto na mimea tele. Kwa hiyo katika somo hili samaki ananunuliwa mwisho kabisa.

Hatua ya 1: Tangi
Lita 20 ni mwanzo mzuri. Chini ya lita 10 usijisumbue, maana maji machache huchafuka upesi na joto lake halitulii. Chagua tangi pana kuliko lililorefuka kwenda juu, kwani betta hupanda kuvuta hewa mara kwa mara na mapezi marefu humchosha. Kifuniko ni lazima, samaki huyu huruka. Ila acha sentimita kadhaa za hewa juu ya maji.

Hatua ya 2: Vifaa
Hita, kipimajoto na filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Lenga nyuzi 26 za Selsiasi. Kati ya 24 na 28 hana shida. Filta yenye mkondo mkali humsukuma huku na huko mpaka achoke. Mapambo yajaribu hivi: pitisha soksi ya nailoni juu yake. Ikinasa, pezi nalo litachanika.

Hatua ya 3: Kukomaza maji
Hapa ndipo wanaoanza hukosa subira. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo huunguza matamvua. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao hawapo kwenye tangi jipya. Hukaa zaidi kwenye sponji kuliko kwenye maji yenyewe, na kuwakuza huchukua wiki nne hadi sita.

Jaza maji, tia dawa ya kuondoa klorini, washa filta na hita, kisha weka chakula kidogo cha samaki kila siku kioze. Pima kwa vipimo vya matone. Amonia itapanda, itashuka. Nitriti nayo vivyo hivyo. Zote mbili zikisoma 0 na nitrati ikaonekana, hata siku moja baada ya kuongeza chakula, tangi limekomaa. Badilisha sehemu kubwa ya maji, ndipo uende dukani.

Ukiwa na sponji kutoka tangi la rafiki lenye samaki wazima, muda hupungua sana.

Hatua ya 4: Kuchagua
Rangi iangalie mwisho. Sogeza kidole karibu na chombo: mzima atakigeukia au atatanua mashavu. Mwache anayelala ubavu, mwenye mapezi yaliyobanana au kingo zilizooza, mwenye vidoadoa vyeupe kama chumvi, au aliyevimba huku magamba yamesimama. Kumhurumia mgonjwa ni utu, lakini si kazi ya betta wa kwanza. Ningekushauri pia aina ya mapezi mafupi, plakat: huogelea kwa wepesi na mapezi yake hayachaniki ovyo.

Hatua ya 5: Kumwingiza
Zima taa, acha mfuko wenye samaki uelee juu ya maji kwa dakika 15, ongeza ndani yake maji ya tangi kidogokidogo, kisha mhamishe kwa wavu. Maji ya dukani yamwage.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, mimi nilishamnunua kabla ya kusoma hapa. Nimrudishe?*
Si lazima. Pima kila siku, na amonia au nitriti ikionekana badilisha robo hadi nusu ya maji, yenye joto lilelile na yasiyo na klorini. Lisha kidogo.

*Maji nikiyalaza ndoo usiku kucha si klorini inaisha?*
Klorini hupungua, ndiyo. Lakini mitambo mingine ya maji hutumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, na hiyo haiondoki kwa kulazwa. Dawa ni salama zaidi.

*Nimwekee jike asiwe mpweke?*
Hapana. Betta hajui upweke, anajua mipaka. Dume na dume watauana, na jike akikosa pa kukimbilia atararuliwa.

*Kuna povu juu ya maji, ni uchafu?*
Likiwa la viputo vidogo vilivyoshikana, ni kiota. Dume hulijenga hata bila jike.

*Majani makavu ya mti wa mkungu yanafaa?*
Yanafaa sana. Chukua yaliyodondoka yenyewe, mbali na dawa za kuua wadudu, yaoshe. Maji yatageuka rangi ya chai, betta anayapenda hivyo.

*Siku ya pili leo hajala, nifanye nini?*
Ugeni huo. Ondoa chakula kilichobaki na ujaribu tena kesho kwa punje mbili. Akishazoea, punje mbili tatu asubuhi na jioni zinamtosha, hata akikuomba zaidi kila ukipita.