Chembe nano za dhahabu kwa majani ya mwarobaini, hadi kipimo cha uvimbe

Huu ni mwongozo wa maabara. Chembe hizi, ndogo mno hata hupimwa kwa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita), si dawa ya kunywa, tafadhali. Dhahabu ilitumika kwa uvimbe (inflamesheni) zamani: mwaka 1929 Jacques Forestier wa Ufaransa alitibu baridi yabisi kwa chumvi za dhahabu. Chembe nano ni jambo jingine, na lazima zipimwe upya.

Hatua ya 1. Osha vyombo vya kioo kwa asidi ya haidrokloriki na ya nitriki, 3 kwa 1, ndani ya kabati la kufyonza hewa, kisha suuza sana. Chumvi ya dhahabu usiichote kwa kijiko cha chuma; itakila.

Hatua ya 2. Chemsha gramu 20 za majani mabichi yaliyokatwakatwa katika mililita 100 za maji yaliyokenekwa kwa dakika 5. Yakipoa, chuja.

Hatua ya 3. Mimina mililita 5 za maji hayo kwenye mililita 45 za myeyusho wa HAuCl4, yaani ile chumvi ya dhahabu, wa milimola 1 kwa lita, huku ukikoroga. Umanjano hafifu utageuka waridi, kisha wekundu au zambarau. Ni polifenoli (kemikali za mmea) na wenzake wa kwenye jani wanaoigeuza chumvi kuwa dhahabu na kuzivika chembe. Kilele cha kufyonza mwanga kwenye spektrofotomita (kipimo cha mwanga) kitafute kati ya nanomita 520 na 550. Rangi ya bluu ya kijivu kwa kawaida ina maana chembe zimeshikana, anza upya.

Hatua ya 4. Zungusha kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi) ili chembe zizame, mwaga maji ya juu, rudia. Usipoziosha utakuwa unapima mwarobaini, si chembe.

Hatua ya 5. Hapa ndipo wengi wanapopotoka. Seli za makrofaji (seli za kinga) za panya, aina ya RAW 264.7, hupewa chembe na kuchokozwa kwa LPS (kipande cha ukuta wa bakteria) ili zitoe nitriki oksidi, dalili ya uvimbe, kisha rangi ya kitendanishi cha Griess, kinachoipima, husomwa karibu na nanomita 540. Sasa angalia: dhahabu yako nayo inafyonza mwanga papo hapo! Zungusha sampuli kwanza, usome maji ya juu peke yake, na uweke kisima (kitundu cha sahani ya kupimia) chenye chembe bila Griess ili utoe rangi yake kwenye hesabu. Weka pia visima vya maji ya majani pekee, na upime uhai wa seli, kwa maana seli zilizokufa hazitoi nitriki oksidi na zitakudanganya kwamba uvimbe umetulia. Mwisho, pima kama chembe zina endotoksini, yaani sumu ya bakteria. LPS yenyewe ni endotoksini, kwa hiyo uchafu kidogo tu unaamsha uvimbe unaotaka kuuzima.